Mnazi wa Vidato Thelathini na Kimoja

Jioni ya kwanza nilitoka nyumbani na kotama, chupa mbili na hasira. Kotama, kisu cha mgema, na chupa zilikuwa za kugemea tembo. Hasira ilikuwa baina yangu na Mungu, na sikuwa nimemwambia mtu.

Mke wangu Teraaka alikuwa amefariki wiki tisa kabla, siku aliyojifungua. Kanisa zima lilikesha kwenye maneaba, ukumbi wetu wa kijiji, wakimwombea mpaka sauti zikawakauka. Mimi niliomba kuliko wote. Alfajiri mkunga alitoka, akanipa mtoto wa kike mikononi. Baada ya hapo niliendelea kufundisha shule ya Jumapili na kuimba kwaya, lakini nilikuwa naimba kwa mdomo tu.

Mtoto tulimwita Tiroia. Maziwa ya kopo yalikwisha dukani, na meli ya kutoka Tarawa, kisiwa kikuu, iliyokuwa ije mwanzoni mwa mwezi, haikuonekana hata moshi. Basi Tiroia alikunywa kile ambacho watoto wasio na mama wamekunywa visiwani kwetu tangu zamani: tembo tamu la mnazi, lililogemwa saa hiyo hiyo, likachemshwa kidogo na kuongezwa maji. Usinielewe vibaya, sisemi lile lililochacha wanalolewea vijana.

Sasa, aliyewahi kugema anajua. Karara la mnazi, lile ganda lenye maua machanga, linataka kukatwa asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, kipande chembamba tu. Ukiliacha siku moja linaziba, ukiliacha mbili limekufa, na kulipata jingine ni kusubiri miezi. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Katika minazi yangu minne, mitatu ilikuwa imekauka. Majirani walitugawia walichoweza, lakini nao walikuwa wanahesabu matone. Ulibaki mmoja uliotoa, ule mrefu wa upande wa upepo, nyuma ya mashimo ya magimbi, ambao marehemu baba aliuchonga vidato thelathini na kimoja kwa mkono wake.

Uhai wa mwanangu ulikuwa juu ya mnazi huo.

Kwetu mgema akiwa juu huimba. Haimbi kwa raha. Anaimba ili wanawake wasipite chini yake, na ili nyumbani wajue yuko salama. Wimbo ukikatika ghafla, watu hutoka mbio. Sisi Waprotestanti huimba nyimbo za kanisani. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa kule juu nikimsifu Mungu niliyemkasirikia, na kiunoni, ndani ya kikoi, nimejifunga kitu ambacho nisingethubutu kuingia nacho kanisani.

Ulikuwa ukanda wa nywele. Nywele za bibi yangu mzaa baba, zilizosukwa na kupakwa mafuta ya nazi miaka na miaka mpaka zikawa nyeusi na ngumu. Alinipa baba mkubwa Tekaai, wiki mbili baada ya mazishi. Baba mkubwa alikuwa shemasi, na besi yake Jumapili ilitetemesha mabenchi.

“Vaa huu ukipanda,” aliniambia, huku akitazama njiani kama kuna mtu. “Hutaanguka.”

“Na Mungu je, baba mkubwa?”

“Mungu ana watu wengi wa kuangalia, mwanangu. Huu ni wako peke yako.”

Kwa mtu aliyetoka kuzika mke, maneno hayo yaliingia. Niliuvaa, na kusema kweli nilijisikia salama kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Basi jioni ile nilipanda. Upepo ulikuwa umekufa, na upande ule upepo haufi. Nilifika kileleni, nikaketi kwenye shina la kuti, nikatoa chupa iliyojaa, nikakata karara, nikafunga chupa nyingine. Nikaanza wimbo. Ubeti wa pili, mtu akanidakia kwa sauti ya tatu.

Sikushangaa. Wagema huimbiana hivyo, huyu mti huu, yule mti ule. Ilikuwa sauti nzuri, laini. Hata nikafurahi kupata mwenzangu.

“Linatoka?” sauti ikauliza.

Ndivyo tunavyosalimiana kule juu.

“Linatoka,” nikajibu kwa mazoea. Kisha nikageuka nione ni nani.

Sauti ilitoka kwenye mnazi wa mwisho kabisa, ule wa ufukweni. Mnazi wa Bauro. Lakini Bauro alikuwa ameanguka kutoka mnazi huo mwezi wa tatu. Nilimbeba mimi mwenyewe na vijana watatu, na shingo yake ilikuwa haina mfupa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeupanda.

Makuti yake yalikuwa yametulia. Hakuna mtu.

Wimbo ukaendelea.

Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyokaa sana, yale machungu, yaliyooza. Niliendelea kuimba kwa sababu niliogopa kunyamaza. Na sauti ile ikawa inaimba nami, neno kwa neno, ubeti kwa ubeti. Ila mahali wimbo unaposema Yesu… kimya. Pumzi moja tu ya kimya. Halafu inaendelea na neno linalofuata, taratibu, kana kwamba hakuna kilichorukwa.

Nilijaribu tena kiitikio. Jina linatajwa humo mara nne.

Kimya mara nne.

Nilishuka mnazi ule kwa kasi hata ngozi ya kifua ikabaki kwenye gome.

Mama mkwe wangu, Nei Karibwa, alikuwa amekaa ukingoni mwa kibanda na mtoto mapajani. Alikuwa mama mwembamba, mwenye ulimi, aliyeondokewa na binti yake wa pekee na hajawahi kukosa ibada hata moja.

“Mbona umechubuka hivyo? Umeshuka au umetupwa?”

“Niliteleza, mama.”

“Hm.” Akachukua chupa, akaiinua kuangalia ndani. “Heri tembo halikuteleza.”

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba simwendei Mungu wake tena ila mdomoni, na sasa kuna kitu kimenijibu?

Asubuhi yake nilipanda na hakukuwa na kitu. Ndege, upepo, mawimbi mwambani. Nikajiambia ni uchovu. Jioni nikaenda mapema, jua bado liko juu kidogo, ili nimalize kabla halijagusa bahari. Kati ya mnazi wa Bauro na wangu ipo minazi mitano imejipanga. Nilipokuwa nafunga chupa, upepo ukafa tena.

Safari hii ilikuwa mnazi wa katikati.

“Linatoka?”

Sikujibu. Nilibana midomo, nikasahau hata kuimba.

“Umeshikwa na nini, Tioti?”

Ilijua jina langu. Ililitamka vizuri, kama mtu wa nyumbani. Sijui kwa nini nilijibu. Pengine ni kwa sababu swali lenyewe nilikuwa nalo moyoni tangu Teraaka afe, na hakuna aliyeniuliza. Kinywa changu kikafunguka chenyewe.

“Ukanda wa bibi,” nikasema.

“Vizuri,” sauti ikasema.

Ikasema kwa furaha. Na ukanda ukanibana kiunoni, kidogo tu, kama mtoto anavyobana kidole chako.

Jioni hiyo Nei Karibwa hakuniuliza kama nimeteleza. Alinisogelea, akavuta hewa puani mara mbili.

“Umevaa nini humo ndani?”

“Kikoi, mama.”

“Tioti, mimi ni mtu mzima. Nimezaliwa kijiji hiki. Hayo mafuta nayajua.” Akaangalia chini, akaongeza kwa sauti ndogo: “Ukoo wenu ninyi. Kanisani mnaimba besi, nyumbani mnalisha mafuvu ya mababu zenu tumbaku.”

“Ni ukanda wa kunizuia nisianguke. Nikianguka, huyu atakunywa nini?”

“Na kabla ya hapo nani alikuwa anakuzuia?”

Hapo hasira ikanitoka. Nikamwambia yote. Nikamwambia tuliomba usiku mzima na binti yake akafa, kwa hiyo asinifundishe habari za kuzuiwa. Nilisema maneno ambayo mkwe hasemi mbele ya mkwewe. Yeye alinisikiliza huku anamtikisa mtoto polepole. Aliponijibu macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikutetemeka.

“Unadhani mimi sikumlilia? Mimi ndiye niliyemzaa. Lakini sikumwamini Mungu kwa kuwa alinipa Teraaka. Sasa nitamwachaje kwa kuwa amemchukua? Nikimwacha nitashika nini, mwanangu? Nywele?”

Nikaapa kwamba nitauvua. Nilimwapia huku nimemshika mtoto mguu.

Asubuhi nilikwenda kwa baba mkubwa kuurudisha. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anachambua majani ya mkadi ya kusukia mikeka. Nilipomweleza habari za ile sauti, aliacha kazi yake.

“Usiufungue ukiwa juu,” akasema.

“Sijauliza hilo.”

“Nakwambia tu. Bauro aliufungua juu.”

“Bauro aliuvaa huu?”

“Aliuazima kwangu. Alivaa mwezi mmoja, hakuna kilichomgusa. Kisha akaanza maneno hayo hayo, anaimbiwa, anaitwa. Siku ya mwisho watu walimwona juu kule anahangaika na kiuno chake. Akaufungua.” Akakohoa. “Niliutoa chini ya maiti kabla hamjafika.”

“Kwa hiyo unanipa kitu cha marehemu, baba mkubwa?”

“Nakupa kitu kinachoshika watu. Alianguka kwa sababu alikivua. Si ni wazi?”

Ilikuwa wazi. Huo ndio ubaya wake. Nilirudi nyumbani nao mfukoni nikiwa sijui la kufanya. Nilimtazama mwanangu amelala, mbavu zinahesabika. Na jioni, nilipofika chini ya mnazi, nikatazama nyuma kama Nei Karibwa ananiona… nikajifunga tena.

Niseme kweli. Sikujifunga kwa sababu niliamini ukanda ule. Nilijifunga kwa sababu sikuamini kwamba nikiachilia, kuna mtu mwingine atanidaka.

Nilipanda. Jua lilikuwa limeketi juu ya maji. Upepo haukuwepo tangu chini. Nilifika juu, nikasikiliza.

Hakuna sauti.

Nikakata karara. Nikabadili chupa, nikaining’iniza ile iliyojaa shingoni. Nikaimba, sauti yangu peke yake. Hakuna aliyedakia. Nikasema basi, imeondoka. Nikaanza kushuka.

Mgema huhesabu vidato bila kujua anahesabu. Mguu ndio unaohesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na tano, hapo gome lina kovu la radi. Thelathini. Thelathini na kimoja, na mguu ukanyooka kutafuta mchanga.

Ukakuta kidato.

Nikajua nimekosea. Nikashuka kingine. Na kingine. Thelathini na nne. Thelathini na nane. Nilipofika arobaini nikasimama, nikatazama chini.

Mchanga ulikuwa mbali vile vile. Kibanda chetu kilikuwa kidogo. Taa ilikuwa imewashwa, na nilisikia Tiroia analia, kwa mbali sana, kile kilio chake cha njaa kisicho na nguvu.

Nikashuka tena. Hamsini. Sitini. Kila kidato kilikuwa cha baba yangu, naijua mikato yake, na baba hakuchonga sitini.

Halafu wimbo ukaanza.

Haukutoka mnazi wa pili. Ulitoka upande wa pili wa shina nililokuwa nimelikumbatia. Karibu kabisa. Kama shina lisingekuwepo, tungegusana vipaji vya uso.

Harufu ile ikanijaa kooni.

Kisha nikaona mikono. Ilikuja kutoka upande ule, polepole, ikilizunguka shina kama mgema anavyolizunguka, mpaka ikafika kwenye mikono yangu na kutulia juu yake. Ilikuwa baridi, na inanata, kama iliyomwagikiwa tembo. Vidole vilikuwa na makovu ya kotama. Na haikuwa miwili.

Nilihesabu minne kabla sijafumba macho.

“Tulia,” sauti ikanong’ona. “Hutaanguka.”

Ukanda ukabana.

“Mwanangu analia,” nikasema. Nilikuwa nalia mimi pia.

“Hakuna aliyeuvaa huu akaanguka.”

“Bauro…”

“Bauro aliufungua.”

Ukabana tena, mpaka pumzi ikawa inaingia nusu. Na hapo nikaelewa kitu. Kweli nisingeanguka. Ningekaa hapo. Ningeshikwa hapo salama kabisa, kesho na keshokutwa, na kule chini mtoto angelia, kisha asingelia tena.

Nilitaka kuomba vizuri, kama wazee wa kanisa wanavyoomba, na mwanzo mzuri na maneno ya heshima. Hayakuja. Likaja jina tu.

“Yesu,” nikasema.

Mikono ile ikashtuka. Wimbo ukasimama.

“Nimekukasirikia,” nikasema. “Bado nimekukasirikia. Lakini sina kingine.”

Nikatoa mkono wangu wa kulia chini ya ile mikono, nikauingiza ndani ya kikoi, nikatafuta fundo. Lilikuwa limekaza, gumu kama jiwe. Sauti ikaanza kusema haraka haraka, utaanguka, utaanguka, Tioti, utaanguka kama Bauro, fikiria mtoto. Na ilikuwa sauti ya mwanamke sasa, kikongwe, yenye upole wa ajabu. Kucha zangu mbili zilikatika. Fundo likalegea.

Nikauvuta ukanda, nikauachilia.

Na nikaanguka.

Nilianguka kidogo mno. Nilikaa kitako mchangani kwa kishindo, meno yakagongana, chupa ikiwa bado shingoni. Mbele yangu alisimama Nei Karibwa, taa mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, na kilemba kimemfunguka. Giza lilikuwa limeshaingia.

“Umesimama kidato cha tatu tangu jua lizame,” akasema. “Nakuita, huitiki. Nakuvuta mguu, kama navuta mti. Umekumbatia shina macho wazi.”

“Nilikuwa peke yangu?”

Alimfunika mtoto vizuri kabla ya kunijibu.

“Nilikuwa nasikia mnaimba,” akasema. “Twende nyumbani.”

Hakuniuliza kwa nini nilivunja kiapo. Tulimulika chini, tukazunguka shina lote kutafuta ukanda, na hatukuuona. Tiroia alikunywa chupa nzima.

Asubuhi karara lilikuwa linanisubiri, maana karara halijui kama umetishwa. Nilipanda kiuno kitupu. Nilihesabu vidato thelathini na kimoja, nikashukuru kwa kila kimoja. Na juu kule, pale makuti yanapoanzia, niliuona. Ulikuwa umefungwa kuzunguka shingo ya mnazi, fundo jipya, safi. Ukanda ule haukuwa na urefu wa kuzunguka shina. Nilikuwa nimeuvaa, naujua. Sasa ulikuwa nao.

Sikuugusa. Nilifanya kazi yangu nikiimba, nikashuka, nikakuta baba mkubwa Tekaai amesimama chini. Habari zilikuwa zimemfikia. Kwetu habari hazilali.

“Uko wapi?” Hakunisalimu.

“Uko juu. Uache huko huko.”

“Ule ni wa ukoo, Tioti. Umetulinda tangu mama akiwa hai.”

“Umemlinda nani? Nitajie mmoja.”

Nilimwona uzee wake wote hapo. Akaketi kwenye gogo, na nilipokaa karibu naye akanisimulia habari ambayo nadhani hakuwahi kumsimulia mtu. Bibi alikuwa mwenye wivu. Mume wake, babu yangu, alikuwa mgema mwenye sauti nzuri na wanawake walipenda kusimama mbali kumsikiliza. Akakata nywele zake, akamsukia ukanda, akasema maneno yake anayoyajua yeye. Ili mumewe asimpotee.

“Baba alipanda jioni moja,” akasema baba mkubwa. “Nilikuwa mdogo, nilikuwa nacheza chini. Nilimsikia anaimba. Giza likaingia, bado anaimba. Watu wakapanda kumtafuta. Ukanda waliukuta. Yeye hawakumkuta.”

“Alianguka baharini?”

“Hakuanguka. Nakwambia nilikuwa chini.” Alijipangusa uso. “Alipanda, hakushuka.”

“Na bado ukatuvisha sisi. Bauro. Mimi. Na wewe ni shemasi.”

“Niliogopa kukaa bila kitu,” akasema.

Nilimwelewa. Nilimshika bega, nikamwambia, baba mkubwa, mimi jana nilikaa bila kitu. Inatisha, lakini watu wanashuka. Tumwite mchungaji, tuombe, tukate mti huu meli ikija na maziwa. Aliitikia kwa kichwa. Aliitikia vizuri kabisa. Nilimsindikiza mpaka kwake na kurudi kumpelekea mtoto tembo.

Mchana mkewe alikuja kutuuliza kama tumemwona.

Tulitafuta ufukwe wote. Tulitafuta kwenye mashimo ya magimbi, kwenye mwamba maji yalipokupwa, kwenye nyumba ya kanisa. Alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwa amepanda mnazi miaka ishirini, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kutazama pale mpaka jua lilipoanza kushuka. Nilikwenda mimi, na wanaume wengine sita nyuma yangu.

Ndara zake zilikuwa chini ya mnazi. Alikuwa amezivua na kuzipanga vizuri, kama mtu anayeingia ukumbini.

Tulitazama juu. Makuti tu. Tukaita. Vijana wakapanda minazi ya jirani, wakachungulia kutoka huko, wakasema hakuna mtu kileleni, wala ukanda hawauoni. Mchanga wa chini ulikuwa laini, hauna alama ya kitu kilichoanguka. Niliwaambia mmoja apande huu wenyewe. Wakanitazama. Mmoja akasema giza linakuja, tutarudi kesho na mchungaji. Wote wakakubali haraka, wakaondoka wamekaribiana sana.

Nilibaki. Upepo ulikuwa umekufa.

Kutoka kibandani nilisikia Tiroia ameanza, kile kilio chake kisicho na nguvu, na sauti ya Nei Karibwa ikimbembeleza na kumwomba Mungu kwa pamoja. Chupa ya asubuhi ilikuwa imekwisha. Kule juu karara lilikuwa linaziba.

Nilijipapasa kiuno. Hakikuwa na kitu. Nikamwambia Mungu kwamba naogopa sana, na kwamba simwelewi, na kwamba napanda.

Kisha nikavua ndara zangu, nikaziweka kando ya zake, nikatafuta kidato cha kwanza.